Macho ya Moshi

Kwa miaka yote ambayo dada yangu mkubwa ameishi kwangu hapa Igoma, sikuwahi kumwona amekaa mbele ya kamera. Harusi amekwenda, ubatizo amekwenda, mahafali ya wajukuu amekwenda, na mara zote picha zikianza yeye hukumbuka kuwa kuna sufuria jikoni. Ukimfuata unamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, amevaa miwani yake nyeusi, hapiki chochote. Na mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu kutoka kwake: picha moja, mimi na yeye, kabla mmoja wetu hajaitwa. Si picha ya kitambulisho. Picha ya sura, mtu akiiona aseme hawa wawili walinyonya titi moja.

Niseme wazi, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Dada yangu ana macho mekundu. Na mimi ninayo. Yangu yametokana na samaki. Nilibanika samaki mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, tangu nina mimba ya kwanza mpaka magoti yalipokataa kuinama. Tanuri la udongo, wavu wa waya juu yake, sangara wamepangwa kama watoto kitandani, na wewe umeinama unapuliza. Moshi hauombi ruhusa. Unaingia machoni, unatandika mkeka wake, unakaa.

Yake yametokana na ng'ombe. Aliolewa ng'ambo ya maji, ukivuka Kigongo kwenda Busisi halafu unaingia ndani kabisa, kwa wafugaji, mahali ambapo mti ni kitu cha kusimuliwa. Huko walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moto wake una nguvu, ugali unaiva vizuri tu, lakini moshi wake una meno. Aliwapikia watu wa nyumba ile ujana wake wote na utu uzima wake wote. Wao wakashiba, macho yakabaki kuwa yake.

Sasa, kwetu Usukumani bibi mwenye macho mekundu hutazamwa mara mbili, kama mchawi. Ndama akifa, anatazamwa. Mtoto akiugua, anatazamwa. Mimi huku nilipona kwa sababu mwaloni wote tulikuwa hivyo. Ukitaka kuwamaliza wabanika samaki wote, nani atakuuzia kitoweo? Lakini yeye kule alikuwa peke yake. Mumewe alipofariki maneno yakaanza, kwanza kisimani, kwa sauti ya chini, baadaye wazi mbele yake. Kijiji cha jirani kulikuwa na mama aliyekatwa mapanga kwa maneno kama hayohayo. Mwanawe akasema, kwa mama yangu hapana. Wakati huo daraja la kuvuka ziwa lilikuwa bado. Akampandisha kivuko asubuhi na mapema akiwa na bunda la nguo na kuku mmoja, wakashuka, wakafika stendi ya Nyegezi, akamnunulia miwani nyeusi kwa wachuuzi wa pale, akaniletea hadi mlangoni.

"Mama mdogo," akaniambia, "nimekuletea dada yako."

Nilimpokea kuku, nikampokea dada.

Tangu siku hiyo miwani haibanduki usoni. Anavaa kanisani. Anavaa usiku umeme ukikatika. Anavaa akichambua mchele, ndiyo sababu wageni wangu wamezoea kutafuna mawe. Fundi anayechomelea mageti jirani yetu humwamkia shikamoo fundi mwenzangu, naye humjibu marahaba, lete hayo mageti nikuonyeshe kazi. Watu wanacheka, wanadhani ni bibi mwenye mbwembwe. Aliivua ndani tu, tukiwa sisi wa nyumbani, na hata hapo hakuivua kabisa, aliipandisha kwenye paji la uso ikae tayari.

Mjukuu wangu ndiye mpiga picha. Ni mtoto wa binti yangu, na mniruhusu nimsifu kidogo, maana nimemlea mwenyewe na kila mfupa alionao umejengwa kwa samaki wangu. Ana studio yake, chumba kimoja kando ya barabara ya Musoma, kati ya mshona nguo na mziba pancha. Watu wengi wanaoingia mle wanataka zile picha ndogo za pasipoti. Kaa, nyooka, mwanga unawaka, chukua, nenda. Anawapiga, ndiyo ugali wake. Lakini moyo wake uko kwenye sura.

Sisi zamani mpiga picha alikuja mnadani na pazia lililochorwa ndege na maua. Unasimama mbele ya pazia, unashikishwa redio ambayo si yako, na anakwambia usicheke, picha itaharibika. Tunashika pumzi. Ndiyo maana ukitazama picha zetu za ujana unaona watu kama wameambiwa kuna msiba na hawajatajiwa wa nani.

Huyu mtoto hafanyi hivyo. Hamwambii mtu acheke wala asicheke. Anakukalisha kwenye stuli, anawasha taa yake iliyovishwa mwavuli mweupe, halafu anaanza umbea. Anakuuliza nani aliwahi kukuudhi mpaka ukasahau kula. Anakuuliza mara ya mwisho ulicheka peke yako njiani ilikuwa kwa sababu gani. Unaanza kumweleza, mikono inaondoka mapajani, shingo inalegea, unamsahau yeye na kamera yake, na hapo ndipo anapokukamata. Nimewahi kukaa pembeni nikamwona anampiga mwanamume mmoja mkubwa, dereva wa lori, ameingia amevimba kama anakwenda kugombea udiwani. Aliulizwa habari za bintiye wa mwisho tu, uso wote ukayeyuka. Hiyo picha ukiiona unataka kumpa maji ya kunywa.

Na yeye mwenyewe hujipiga. Anaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, anashika kirimoti kidogo kama kipande cha sabuni, anakaa mpaka kitu kimfike usoni, anabonyeza. Ana picha aliyojipiga siku aliyoachwa na mchumba. Pua imevimba, kamasi inaonekana. Nilimwambia hii ifiche, mtu akitaka kuoa ataogopa. Akasema, "Bibi, siku hiyo nilikuwa sina nguvu ya kudanganya." Akaitundika ukutani. Wateja wakiingia wanaitazama hiyo kwanza.

Basi tukapanga, mimi na yeye, namna ya kumpata dada. Mimi humwita mke mwenzangu, kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu, na wake wenza tukipatana hakuna mume anayepona. Mpango ulikuwa mwepesi: anipige mimi kwanza, itoke nzuri, tuipeleke nyumbani, dada aione, avutike.

Nikaenda studio na kitenge changu cha bluu. Nikakaa. Akawasha taa, akaniuliza habari za yule mchuuzi aliyewahi kunibadilishia samaki, akachukua wazima akaniachia waliooza. Hilo swali hakupaswa kuniuliza mtu aliyekaa karibu. Nilisimama. Nilimwonyesha nilivyomkimbiza yule bwana pwani nzima, nimeshika wavu wa moto kwa kanga, mpaka akaingia ziwani na viatu vyake. Stuli ilianguka. Yeye anabofya tu, anazunguka, anabofya. Alipomaliza akanionyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, na jamani, nilijipenda. Mdomo umepinda upande mmoja. Mshipa wa shingo umesimama. Macho mekundu kama makaa yanayoomba kuni. Nikamwambia, hapo umepata mtu.

Jumapili baada ya ibada akaja nayo nyumbani, kubwa, iko ndani ya fremu, ameifunga kwa kanga kama zawadi ya bi harusi. Dada alikuwa anakunywa chai. Akapandisha miwani kwenye paji la uso ili aone vizuri, mjukuu akafungua kanga.

Mdomo ulikuwa wangu. Mshipa ulikuwa wangu. Lakini macho yalikuwa meupe kama yai lililomenywa.

Dada alitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Mdogo wangu," akasema, "macho yako wameyapeleka wapi?"

Mtoto akadhani anasifiwa. Akajibu kwa furaha kabisa, "Nimeyasafisha, Bibi mkubwa. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo. Hata yako nitayafanya hivi, hakuna atakayejua."

Nilitaka kumziba mdomo lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Dada aliishusha miwani taratibu, kama mwenye duka anayeshusha mlango wa bati.

"Basi ni kweli hayafai," akasema. "Hata mtoto wa nyumbani ameona hayafai."

Akabeba kikombe chake, akaingia chumbani.

Nilimpa mtoto ya kwake, sikumficha. Akalia. Akasema alitaka bibi mkubwa aone kwamba wekundu unaweza kuondoka, asiogope tena. Na mimi najua hakusema uongo. Kila siku watu wanamwambia niondolee chunusi, ning'arishe shavu, nipunguzie tumbo, mkono wake umezoea kwenda huko wenyewe. Alifanya kwa mapenzi. Ndiyo maana iliuma zaidi, kwa sababu dada alikwisha kutazamwa vibaya na watu wasiompenda, hilo alilijua namna ya kulibeba. Hili la mtu anayempenda hakuwa na pa kuliweka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kinachosafishwa ni uchafu. Umemwambia mwenzetu ana uchafu."

Akafuta pua kwa kanga ile ile. Akauliza afanye nini. Nilimwambia arudishe macho yangu kwanza, mengine tutaona.

Kuanzia siku hiyo dada hakupandisha tena miwani, hata tukiwa wawili. Alikula nayo. Alisali nayo. Nikimtazama nilijiona mimi mwenyewe mara mbili, kadogo, kwenye vioo vyeusi. Alikuwa ananijibu vizuri, hakununa, alipika na kufagia na kumtania fundi wa mageti kama kawaida. Lakini uso ulikuwa umefungwa. Nikakaa kitandani nikajiambia, haya, mama, ulitafuta picha, umepoteza hata sura yenyewe uliyokuwa nayo bure kila asubuhi. Niliwaza kumwomba radhi kwa niaba ya mtoto, nikaona maneno yatazidi kuchimba. Mambo ya namna ile ukiyaingiza kwenye maneno yanapata miguu.

Nikamwambia mjukuu aje na kamera nyumbani, aache taa zake na miavuli yake hukohuko. Anifundishe kirimoti. Na asimwambie bibi mkubwa neno lolote, si la kumwomba, si la kumbembeleza.

Alikuja Jumamosi mchana. Dada alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na mlango wa sebuleni, anakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe, beseni moja la viazi na jingine la maganda. Mjukuu akasimamisha kamera ndani, akaniweka kwenye kiti palepale mlangoni ambapo mwanga wa uani unaingia. Akaninong'oneza, bonyeza hapa, ukisikia mlio ujue imeshika. Nikampeleka akaoshe vyombo.

Nikabaki mimi na lile jicho moja la kioo. Nawaambieni, ni jambo la ajabu kujitazamisha mwenyewe. Mtu akikupiga una wa kumlaumu. Ukijipiga, lawama haina pa kwenda. Mara ya kwanza nikashika pumzi kama mnadani. Nikabonyeza. Nikajilazimisha kucheka, nikabonyeza. Nikajaribu majivuno, nikainua kidevu kama mke wa mchungaji.

"Una nini shingoni?" dada akauliza kutoka uani.

Nikamwambia sina kitu, naendelea na shughuli zangu.

"Shughuli gani ya kunyoosha shingo kama bata anayemeza samaki?"

Nikajaribu hasira. Nikamfikiria yule mchuuzi, lakini hasira ikiitwa kwa nguvu haiji, inakuja ndugu yake mjinga. Kisu cha dada kilikuwa kimesimama, nilikisikia kimesimama. Akaniambia nimefanana na mtu aliyekalia siafu. Nikaendelea. Nikajaribu huzuni. Nikakunja uso, nikavuta midomo chini, nikafikiria misiba yote ninayoijua, nikabonyeza.

Hapo dada akageuka mzima mzima kwenye kigoda.

"Ndivyo unavyolia hivyo?" akasema. "Mama alipokufa hukulia hivyo. Hukulia hata kidogo. Ulichukua shoka ukaenda nyuma ya nyumba ukapasua kuni mchana kutwa, waombolezaji wote wakapikiwa kwa kuni zako, na shangazi wakasema huyu mtoto ana moyo wa jiwe. Halafu tulipolala ukanigeukia, ukaniwekea uso mgongoni, ukanilowesha gauni lote mpaka likanishika ngozi."

Nilikuwa msichana mdogo wakati huo, na maisha yangu yote nilijua kwamba dada usiku ule alikuwa amelala.

"Ulikuwa macho?" nikamuuliza.

"Ningelala vipi na wewe unanitetemekea mgongoni? Nilikaa kimya usije ukaona aibu ukaacha."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Kirimoti kilikuwa kimeniangukia mapajani na sikukikumbuka. Nilimwona dada anainuka, anajifuta utomvu wa viazi kwenye kitenge, anakuja. Akakiokota mapajani mwangu, akakitazama pande zote mbili, akakielekeza kwenye kamera kama mtu anayebadili stesheni ya televisheni, akabonyeza. Kamera ikalia.

"Mwite huyo mtoto," akasema. "Nataka kuona."

Mtoto akaja na mikono ina povu. Akamgeuzia kioo cha nyuma. Dada akainama, akasogea, akaona giza tu. Akashusha pumzi, akaipandisha miwani.

Alitazama muda mrefu. Na mimi nilikuwa namtazama yeye, macho yake, ambayo sikuwa nimeyaona tangu Jumapili ile. Mekundu, yamelowa, mazuri. Nilitamani kumshika lakini kwetu hatushikanishikani ovyo.

"Huyu sasa ni wewe," akasema. "Mbaya hivihivi."

Nikamwambia alete kigoda chake akae hapa pembeni yangu. Akauliza nani atapiga. Nikamwambia, wewe. Kirimoti unacho. Hakuna atakayekuinua kidevu, hakuna atakayekwambia geuka. Usipobonyeza, hakuna picha, tutakuwa tumekaa tu kama watu wanaopumzika kwao. Mjukuu, Mungu ambariki, hapo akili zake zote zilirudi. Alihakikisha kamera imesimama sawa, akatoka uani, akachukua kile kisu, akaanza kumenya viazi akiwa ametupa mgongo.

Dada akakaa. Alikuwa ananuka viazi vibichi na sabuni ya mche. Akaivua miwani kabisa, akaikunja, akaangalia huku na huku pa kuiweka, mwishowe akaitumbukiza kifuani mwa gauni. Akaficha mkono wenye kirimoti chini ya kitenge. Tukakaa. Nje pikipiki zinapita, fundi anagonga chuma chake, na sisi tumekaa bega kwa bega tunaitazama ile kamera nayo inatutazama. Hakubonyeza.

Nikakumbuka namna mjukuu anavyofanya kazi yake. Nikamwambia, "Niambie kitu, dada."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, "Walitaka kuniua kwa moshi wa chakula walichokula wao."

Akabonyeza.

Kwa miaka yote aliyokaa kwangu hakuwahi kulisema. Nilikuwa najua kwa mwanawe, kwa minong'ono, kwa namna anavyoshtuka mbwa wakibweka. Sasa lilikuwa limetoka, limekaa hapo sebuleni pamoja na sisi, na nikaona nisipofanya kitu litatukalia wote wawili. Mimi nikibanwa hutoa mzaha. Sina dawa nyingine.

"Na huo ugali," nikamuuliza, "ulikuwa mzuri?"

Aligeuka akanitazama kama nimepungukiwa. Kisha bega lake likaanza kutikisika dhidi ya langu.

"Mzuri sana," akasema. "Mbwa wale. Ulikuwa mzuri mno."

Akaangua kicheko, kile cha kwetu cha nyumbani kinachoanzia tumboni na kumalizikia kwenye kikohozi, na mimi nikamfuata, na katikati ya vurugu hiyo nikasikia kamera inalia, inalia tena. Alikuwa anabonyeza chini ya kitenge huku anajipigapiga goti. Uani kile kisu nacho kilinyamaza, na mgongo wa mjukuu ukawa unatetemeka. Kama alikuwa anacheka au analia sikwenda kumchungulia.

Picha zilitoka mbili za kuweka. Kwenye ile ya kucheka mimi nimekatwa sikio na nusu ya kilemba, na dada amefunga jicho moja kwa nguvu, lile jingine liko wazi kabisa, jekundu, linang'aa. Kwenye ile nyingine, ya kabla ya kicheko, mimi nimeinamisha kichwa, naonekana nusu tu. Yeye ametazama mbele moja kwa moja. Macho yote mawili. Ukisimama mbele yake unajikuta unatafuta pa kuweka yako.

Mjukuu kabla ya kwenda kuzisafisha, nasema kuzichapa, alikuja akapiga magoti mbele ya bibi yake mkubwa, jambo ambalo watoto wa siku hizi unaweza kuzeeka hujaliona. Akauliza kama kuna mahali popote angependa paguswe.

"Gusa kitu," dada akamwambia, "nikuvunje hiyo kompyuta."

Akauliza tena, kwa woga zaidi, kama anaweza kutundika moja studio. Dada akamwambia zile ni za nyumbani. Akitaka ya ukuta wake, yeye atakwenda mwenyewe siku moja na kitenge cha maana, akae kwenye hiyo stuli, na mtoto ajiandae na maswali ya kueleweka, si umbea. Mjukuu akasema ndiyo, Bibi. Nilimwona anauma mdomo asipige kelele za furaha.

Sitaki kusema uongo kwamba tangu hapo dada amekuwa mtu mwingine. Akitoka barabarani bado anavaa miwani, na kanisani pia. Dunia aliyoikimbia haijaisha, yeye anaijua kuliko mimi. Lakini ndani ya nyumba anatembea na uso wake, na mchele siku hizi unalika.

Ile ya kucheka tuliitundika sebuleni, juu ya televisheni. Ile nyingine ilikaa kwenye kabati la vyombo, imeegemezwa kwenye birika, hatukujua tuifanyie nini. Mpaka mwana wa dada alipokuja kumsalimia, siku hizi anapita juu ya daraja, hasubiri kivuko, anafika kabla jua halijapanda. Alikunywa uji, akaeleza habari za mifugo na mvua, halafu akaiona kabatini. Akaichukua mikononi. Huyu ni mtu mzima, ana mvi, lakini alianza kuifuta kioo kwa mkono wa shati kama mtoto anayefuta ubao.

Nyumbani kwake kule hakuna picha ya mama yake hata moja. Wajukuu waliozaliwa baada ya yeye kuondoka wanasikia tu kwamba kuna bibi ziwani ng'ambo. Akasema angependa kuwa nayo. Halafu akajirudi mwenyewe, akasema labda ile ya kucheka, ile macho hayaonekani sana.

"Hiyo ya kucheka ni yangu na mdogo wangu," dada akasema. "Chukua hiyo uliyoshika."

"Mama, watu wa kule watasema."

"Walikwisha kusema. Sasa wataniona. Itundike ukuta unaotazama mlango, mtu akiingia akutane na mimi kwanza, akitaka kukaa akae, akitaka kurudi mlango anaujua."

Mwanawe hakubisha. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko hewani kama mjinga. Muda wa kuondoka ulipofika nikamtafutia kanga ya kuifungia, dada akakataa kanga. Akamsindikiza mwanawe hadi getini, bila miwani, hatua chache tu, fundi wa mageti akainua kichwa na kofia yake ya kioo akatoa shikamoo ya kawaida, dada akaitikia marahaba. Mwanawe akaiweka fremu chini ya kwapa, uso wa picha umeelekea mbavuni mwake, akawa anatafuta pikipiki ya kumpeleka stendi.

"Igeuze hiyo," dada akamwambia. "Unanibana uso kwapani."

Akaigeuza, akapanda pikipiki, akaondoka na mama yake anatazama barabara.